Maoni ya vita vya nje kutoka Kusini: namna ya kuyaandaa yakasimama

Kila kijiwe cha kahawa Mtwara kina mchambuzi wake wa Ukraine, na kila grupu la WhatsApp la Lindi lina mtu anayejua Israel itafanya nini wiki ijayo. Kuongea ni bure. Maandishi yana gharama, kwa sababu yanabaki, yanafowadiwa, na mwaka ukipita mtu anaweza kuyafukua akakuwekea mezani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika maoni ya maneno 700 hadi 900 kuhusu mgogoro wa nje ya nchi, akiwa Newala, Kilwa, Masasi au Nachingwea, kwa simu na bando la kawaida, na maandishi yake yakahimili maswali.

Swali kwanza, vita baadaye

Usikae chini kuandika "vita vya Congo" au "mgogoro wa Mashariki ya Kati". Mada hizo hazina mwisho, na mwandishi anayeanza nazo huishia kurudia alichosikia redioni asubuhi. Andika swali moja juu ya karatasi, lenye mahali, muda na mhusika. Kwa mfano: je, kuondoka kwa kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, huko Msumbiji mwezi Julai 2024 kumeiongezea Tanzania mzigo kwenye mpaka wa Ruvuma? Au: Tanzania ilipojizuia kupiga kura Umoja wa Mataifa Machi 2, 2022 kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, ilikuwa inalinda nini?

Lipime swali lako kwa njia moja. Jiulize ni taarifa gani ikipatikana kesho itakufanya ubadili jibu. Kama hakuna, basi unachotaka kuandika ni hotuba ya mkutano wa hadhara, na hiyo ina kanuni zake nyingine.

Ushauri wetu kwa anayeanza: andika kwanza kuhusu Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji; Gaza na Ukraine zitafuata. Ni mgogoro ulio ng'ambo ya mto, Kimakonde na Kimakua vinazungumzwa pande zote mbili, Kiswahili kinaeleweka hadi Palma, na ukikosea utajua haraka kwa kuwa kuna watu karibu yako wanaojua. Ukiandika uongo kuhusu Kharkiv, hakuna mtu wa Ndanda atakayekusahihisha, na hapo ndipo uzembe unapoota mizizi.

Karatasi ya safu tatu

Gawa karatasi ya daftari mara tatu. Safu ya kwanza: kilichotokea. Ya pili: nani kasema, lini. Ya tatu: mimi naonaje. Kila unachosoma au kusikia lazima kiingie safu moja tu.

Mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 5, 2017, yanayohesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya Cabo Delgado, yanakaa safu ya kwanza. Kuingia kwa wapiganaji Palma Machi 24, 2021 kunakaa hapo hapo, pamoja na kutua kwa wanajeshi wa Rwanda wapatao 1,000 mwezi Julai mwaka huo. Kauli ya serikali ya Maputo kwamba hali imedhibitiwa inakaa safu ya pili, na tarehe yake, kwa sababu kauli ya namna hiyo imetolewa zaidi ya mara moja na kila mara ina maana yake ya wakati ule. Kwamba vijana wa pwani walijiunga kwa hasira ya kukosa kazi, hilo ni la safu ya tatu hata kama umelisoma kwa profesa. Wapo watafiti wanaoweka uzito zaidi kwenye mgawanyiko wa ndani ya misikiti, wengine kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez na wachimbaji wadogo waliofukuzwa, wengine kwenye uhusiano wa Wamwani wa pwani na Wamakonde wa Mueda waliokaribia madaraka. Filipe Nyusi, rais hadi Januari 2025, anatoka Mueda. Mwandishi wa Newala mwenye ndugu Mueda anapaswa kujua kwamba hoja hii ya mwisho inamgusa, na aiandike hata hivyo.

Karatasi ikijaa, angalia safu ya tatu. Ikiwa ndefu kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa, bado hujawa tayari kuandika.

Taarifa inapovuka mto

Hapa ndipo wa Kusini anatofautiana na mwandishi wa Dar es Salaam. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Tangu hapo kila mwaka kuna siku inaingia sauti kwenye grupu: mwanamume anahema, nyuma yake mbwa wanabweka, anasema wamevuka jana usiku, wamechoma nyumba, mwenye ndugu mtoni amwambie akimbie. Baada ya nusu saa iko kwenye simu zote za soko kuu.

Sikiliza mara mbili kabla hujagusa kitu. "Jana" haina tarehe, na sauti za 2020 bado zinazunguka. Tafuta alama za msimu ndani ya maneno yenyewe: anataja mnada wa korosho, mfungo, maji ya mto kujaa, jina la kiongozi aliyekwisha kuhamishwa? Mto Ruvuma wa Septemba una sehemu za kuvuka kwa miguu, wa Machi hauna. Mtu anayesema wamevuka kwa miguu katikati ya masika ana la kujieleza. Angalia pia alama ya mishale miwili inayoonyesha ujumbe umefowadiwa mara nyingi. Ikiwepo, aliyekutumia si shahidi.

Kisha rudi nyuma ngazi mbili. Usimuulize aliyekutumia kama ni kweli, atakwambia ni kweli. Muulize: "Wewe umeipata kwa nani, saa ngapi?" Mfuate huyo naye umuulize vilevile. Mara nyingi ngazi ya pili ndipo kamba inapokatika.

Halafu piga simu moja au mbili kwa mtu aliye eneo lenyewe: bodaboda, wakala wa fedha, mwenye duka. Namna ya kuuliza ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukisema "mashababi wamefika huko?" umeshampa jibu, na umempa hofu ya kuisambaza. Uliza, "Habari za huko, mzee wangu? Leo umefungua duka? Magari yanapita?" Duka lililofunguliwa saa nne asubuhi linasema mengi. Asipopatikana, usijaze pengo kwa kudhani. Palma iliposhambuliwa mwaka 2021 mawasiliano yalikatika, hivyo simu kutopatikana ni dalili, lakini minara ya mpakani huzimika pia kwa sababu za kawaida kabisa.

Watu watatu waliosikia sauti ileile ni chanzo kimoja. Hili linasahaulika kila mara.

Kuhusu tamko la mkuu wa wilaya au kamanda wa polisi: huja kwa kuchelewa, huwa fupi, na kazi yake ni kutuliza watu. Lichukue kama kauli, liweke safu ya pili. Ukimya wa ofisi haumaanishi imekubali. Na kama baada ya yote hayo umejiridhisha kwamba kuna hatari ya kweli, weka kalamu chini, mpigie mtendaji wa kijiji na ndugu zako. Maoni yatasubiri.

Jihadhari na saa. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Taarifa ya Kireno ikisema jambo lilitokea Palma saa 15:00, kwetu ilikuwa saa kumi jioni. Wengi hutoa sita wakaandika saa tisa, wakasahau ile saa moja, na ndipo unaposoma makala inayodai msafara ulipigwa kabla haujaondoka.

Picha na video

WhatsApp hufuta taarifa za ndani za picha, kwa hiyo tarehe na mahali havitapatikana humo. Njia nafuu ni hii. Simamisha video sehemu tatu au nne zenye vitu vya kudumu: jengo, kibao, mlima, nguzo ya umeme. Piga picha ya skrini kila mahali. Zipitishe kwenye Google Lens, zana ya kutafuta picha zinazofanana, ukikata sehemu ya jengo tu, maana ukiacha watu na moshi utaletewa picha za moshi wa dunia nzima. Kwa video zinazodaiwa kutoka Urusi au Ukraine jaribu pia Yandex. TinEye ina kitufe cha kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, na hicho ndicho unachokitaka: ukiipata picha mwaka 2014, haiwezi kuwa ya jana. Kazi nzima inakula bando kidogo kuliko kuipakua video hiyo mara ya pili.

Kabla ya hapo, macho yako yafanye kazi. Msumbiji wanaendesha kushoto kama sisi. Rwanda na Congo wanaendesha kulia. Klipu ya "Cabo Delgado" yenye magari upande wa kulia wa barabara imetoka kwingine. Maandishi ya ukutani Msumbiji ni ya Kireno. Askari wa Rwanda wako Goma, mashariki mwa Congo, kwa mujibu wa ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na wako Cabo Delgado kwa makubaliano na Maputo, hivyo sare ya Rwanda peke yake haikuambii uko nchi gani.

Wapo wanaotumia ramani ya moto ya NASA, FIRMS, ambayo ni ya bure na huonyesha sehemu zenye joto kali saa chache baada ya setilaiti kupita. Ni chombo kizuri, lakini ujue unatazama nini. Kuanzia Agosti hadi Novemba wakulima wa pande zote mbili za Ruvuma wanachoma mashamba, na ramani inajaa nukta nyekundu kutoka Nanyumbu hadi Macomia. Nukta kumi za Oktoba hazithibitishi kijiji kuchomwa. Nukta zilizobanana pale penye nyumba, katika mwezi ambao hakuna anayesafisha shamba, zinastahili kuangaliwa. Hapo ingia kwenye Copernicus Browser, picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupigwa takriban kila siku tano kama mawingu yataruhusu, ulinganishe kabla na baada. Kila kidoti cha picha ni mita 10, kwa hiyo utaona kijiji kilichoteketea, nyumba moja hutaiona.

Hesabu ya waliokufa

Hakuna namba inayojitegemea. Kila namba ina aliyehesabu, kinachohesabiwa na kuanzia lini. ACLED, shirika linalokusanya takwimu za vita na linalofuatilia Cabo Delgado, wanajumlisha vifo vilivyoripotiwa, raia na wapiganaji pamoja, na hesabu yao imepita 6,000 tangu 2017. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwa upande wa Ukraine inahesabu raia iliowathibitisha tu, na yenyewe inasema idadi halisi ni kubwa zaidi. Wizara ya Afya ya Gaza haitenganishi raia na wapiganaji. Ukizipanga namba hizi tatu mstari mmoja na kusema vita fulani ni vibaya kuliko kingine, umelinganisha vitu vitatu tofauti, na msomaji mmoja makini anatosha kukuangusha.

Kanuni ya kuandika: namba, aliyehesabu, kipindi, yote ndani ya sentensi moja. Namba za upande mmoja wa vita kuhusu hasara za upande mwingine zitaje kwa "inadai", au ziache. Na usichanganye waliokufa na waliokimbia. Waliokimbia makazi Cabo Delgado walifikia karibu milioni moja mwaka 2022, wengi wakarudi, wengine wakakimbia tena, na mtu aliyekimbia mara tatu anaweza kuonekana mara tatu kwenye taarifa za vipindi tofauti.

Majina ya makundi na ya mahakama

Kundi la Cabo Delgado wenyeji wanaliita Al-Shabaab. Si tawi la Al-Shabaab ya Somalia. Lilijiunga na kundi linalojiita Dola la Kiislamu, IS, likahesabiwa ndani ya mkoa wake wa Afrika ya Kati, na mwaka 2022 likatangazwa kuwa na "mkoa" wake wa Msumbiji. Ukiandika Al-Shabaab bila maelezo, msomaji wa Dodoma atafikiri wametoka Mogadishu. Sema "wapiganaji wa Cabo Delgado" mara ya kwanza, eleza jina, kisha endelea. Usiwaite "Waislamu wenye msimamo mkali wa pwani". Kwa mji kama Mikindani sentensi hiyo inamgusa kila mtu, na miongoni mwa waliochinjwa na kundi hilo wamo Waislamu wengi.

Neno "gaidi" litumie kwa kitendo unachoweza kukieleza. Ukishaeleza kilichofanyika, mara nyingi neno lenyewe halihitajiki.

Kosa jingine linalojirudia ni la mahakama mbili za The Hague. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inashtaki watu: ndiyo iliyotoa hati ya kukamatwa kwa Vladimir Putin Machi 17, 2023 na kwa Benjamin Netanyahu Novemba 21, 2024. ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inasikiliza nchi dhidi ya nchi: Afrika Kusini iliipeleka Israel huko Desemba 29, 2023, na amri ya awali ya Januari 26, 2024 haikuwa hukumu ya mwisho. Tanzania ni mwanachama wa ICC, jambo linalofaa kuwekwa kwenye maoni yoyote yanayouliza tungefanya nini mtu mwenye hati akitua Dar es Salaam.

Kwenye Umoja wa Mataifa, azimio la Baraza Kuu halilazimishi. La Baraza la Usalama linahitaji kura 9 kati ya 15 na lisipingwe na yeyote kati ya watano wa kudumu. Ile kura ya Machi 2, 2022 ilikuwa 141 zilizounga mkono, 5 zilizopinga na 35 zilizojizuia. Tanzania na Msumbiji zilijizuia, Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Kujizuia ni uamuzi wa makusudi na baadhi ya nchi huueleza. Kutokuwepo ukumbini ni jambo jingine. Soma maelezo ya kura kabla ya kuandika kwamba serikali "iliikingia kifua Urusi" au "iliisaliti".

Rwanda ndiyo mtihani mzuri wa uaminifu wa mwandishi. Jeshi lake lilishirikiana na la Msumbiji kuikomboa Mocímboa da Praia Agosti 2021, na Umoja wa Ulaya ukalichangia euro milioni 20, kisha nyingine kama hizo. Jeshi hilohilo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema limepeleka maelfu ya askari kuisaidia M23, kundi la waasi wa Congo lililoichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025. Watanzania walikuwa kwenye kikosi cha SADC huko Congo, na pia kwenye kile cha Msumbiji. Anayeipenda Rwanda atataja Mocímboa tu, asiyeipenda atataja Goma tu. Weka zote mbili, halafu ndiyo useme unaona nini.

Kuleta vita hadi bei ya duka

Msomaji wa Liwale anataka kujua vita vinamgusaje, na hapa ndipo makala nyingi zinapoharibika kwa haraka ya kuunganisha.

Mafuta kwanza. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jedwali lake linatenganisha mafuta yaliyopokelewa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha bei ya kila wilaya. Bei hizo zinatokana na shehena zilizonunuliwa kabla. Kwa hiyo kombora la leo haliwezi kupandisha petroli ya Masasi kesho asubuhi. Ikipanda kesho, tafuta sababu kituoni. Athari ya kweli huja baada ya mwezi mmoja au miwili, na ikiwa bei ya dunia imetulia kabla ya hapo huenda isionekane kabisa. Juni 2025 Israel na Iran zilipigana siku 12. Bei ya pipa ilipanda, kisha ikashuka mwezi uleule. Aliyeandika wakati ule kwamba petroli itafika bei ya kutisha kabla ya Nane Nane angelazimika kufuta. Andika "ikiwa Mlango wa Hormuz utafungwa kwa wiki kadhaa", na eleza kwa nini: mwaka 2024 ulipitisha takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani.

Salfa ni mfano bora kuliko mafuta na hauandikwi vya kutosha. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga hutokana kwa sehemu kubwa na usafishaji wa mafuta na gesi, na nchi za Ghuba ni wauzaji wakubwa. Mgogoro ukizuia meli za Ghuba mwezi Januari, swali la kuuliza ni kama shehena ya salfa itakuwa imefika kabla ya mikorosho kutoa maua katikati ya mwaka. Hilo linaweza kuulizwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kujibiwa.

Korosho yenyewe inahitaji uangalifu zaidi. Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen kwenye meli za Bahari ya Shamu tangu Novemba 2023 yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi au zaidi za ziada kati ya Asia na Ulaya. Wengi wakaandika kwamba korosho yetu imekwama. Lakini korosho ghafi ya Mtwara inakwenda India na Vietnam, na njia hiyo inakata Bahari ya Hindi bila kugusa Bahari ya Shamu. Athari inapitia mlango wa nyuma: Vietnam inabangua na kuuza Ulaya na Marekani, gharama ya safari hiyo ikipanda mnunuzi wa kule anapunguza bei anayotoa huku, na makontena yanakuwa adimu. Ndiyo maana kabla ya kuilaumu vita kwa bei ya mnada, angalia mavuno ya Afrika Magharibi, ambako Ivory Coast ndiyo kinara wa korosho ghafi, wingi wa mvua wakati wa maua, na ubora wa mzigo ghalani. Mwaka 2018 mnada uligoma kwa mgogoro wa ndani kabisa kati ya wanunuzi, wakulima na serikali, hadi jeshi likaamriwa kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hapo vita vya nje havikuhusika.

Historia ya huku, kwa kipimo

FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962 na ikawafundisha wapiganaji wake Nachingwea. Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, alianzia hapo safari yake ya kwenda Maputo kabla ya uhuru wa Juni 25, 1975. Ni urithi mkubwa kwa mwandishi wa Lindi, na ni mtego. Mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, vita vya ukombozi na vita vya leo si mnyororo mmoja, ingawa baadhi ya wapiganaji wa zamani wa FRELIMO wamechukua tena silaha kulinda vijiji vyao ndani ya vikosi vya wenyeji.

Mlinganisho unaovutia zaidi ni wa gesi. Mei 22, 2013 Mtwara ililipuka kwa fujo bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, watu wakipinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Ukiulinganisha na Palma, weka kinachofanana, yaani watu kuona mali ikipita mlangoni kwao, na mara moja weka kisichofanana: hapa hakukuwa na kundi lenye silaha wala mahubiri ya kukataa serikali. Ukiacha nusu ya pili umewaita vijana wa Mtwara jina ambalo si lao.

Aya moja, kabla na baada

Aya hii tumeitunga kwa mtindo unaoonekana kila siku: "Magaidi wa Al-Shabaab kutoka Somalia wanaendelea kuua maelfu Msumbiji kwa sababu mabeberu wanataka gesi, na dunia imekaa kimya."

Somalia si kweli. "Maelfu" hayana kipindi. Dunia haikukaa kimya: SADC ilituma kikosi kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024, na Rwanda ikaenda. Na hoja ya gesi imeachwa hewani. Sasa iandike hivi:

"Kundi linaloshambulia Cabo Delgado lilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Lilipoingia Palma Machi 2021, kampuni ya TotalEnergies iliondoa watu wake Afungi, kwenye mradi wake wa gesi, na Aprili 26 ikatangaza kwamba imezuiwa na nguvu iliyo nje ya uwezo wake kuendelea na mradi wa dola bilioni 20. Tangazo hilo halikuondolewa hadi Novemba 2025. Anayesema vita vililetwa ili gesi ichimbwe aeleze kwanza kwa nini kazi ilisimama zaidi ya miaka minne. Ninavyoona mimi, gesi iliongeza chuki iliyokuwepo: vijiji vilihamishwa, ajira zilizoahidiwa zikawafikia wachache."

Ni ndefu mara nne. Lakini inaweza kupingwa hoja kwa hoja, na maoni ya mwandishi yamekaa sentensi ya mwisho tu, chini ya "ninavyoona mimi".

Sheria, usalama na kurekebisha

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Karatasi yako ya safu tatu, pamoja na saa ulizopiga simu, ndiyo ushahidi kwamba ulitafuta ukweli. Usiitupe. Anayeendesha ukurasa wa habari mtandaoni aangalie masharti ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuanza.

Kambi, idadi ya askari na magari yanaelekea wapi, usiandike hata kama umeyaona kwa macho barabara ya Kilambo. Aliyekusimulia kutoka ng'ambo asitajwe jina, kijiji wala kazi, kwa kuwa kijiji chenye mwalimu mmoja kinamtambua kwa neno "mwalimu". Sura za wakimbizi zifichwe.

Tarehe iandikwe mstari wa kwanza wa maandishi yenyewe, kwa sababu yakinakiliwa kwenda WhatsApp tarehe ya ukurasa inabaki nyuma na makala ya Machi itasomwa Septemba kama habari mpya. Ukigundua kosa, usifute kimyakimya. Weka juu kabisa: nini kilikosewa, sahihi ni nini, lini umebadilisha. Kisha tuma marekebisho kwenye magrupu yaleyale ulikotuma mwanzo, kama ujumbe unaojitegemea, ukianza na neno MAREKEBISHO kwa herufi kubwa, maana anayefungua simu akiwa kwenye foleni ya ghala hasomi zaidi ya mstari mmoja.